Kilo Tatu za Chumvi

Ng'ambo ya Pinga, Walikale
Tarehe 4 Machi 2024

Kaka Hilaire,

Tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ulishaanza kutulilia. Tulitoka Bihambwe tukiwa saba na wote saba tumefika: mimi, Noëlla wangu, shemeji Gustave na mke wake, na watoto wao watatu. Simu ilipotea njiani, na hata ningekuwa nayo, huku hakuna réseau. Kwa hiyo utanisoma tu. Barua hii inaletwa na Thierry, yule motard anayefika Mweso na pikipiki yake kila barabara inapofunguka.

Aliyetupokea ni mama mmoja mjane, Mama Libérata, mwenyeji wa msitu huu. Ametupa kona ya shamba lake tujenge kibanda, na ametuambia tuchimbe mihogo yake mpaka yetu ikomae. Usinicheke, kaka, mihogo hiyo imenishinda. Kwetu tulichimba muhogo, tukaumenya, tukaupika na kuula siku ileile. Ya huku ni michungu mpaka inafunga koo. Lazima ilale kwenye shimo la maji kando ya mto siku nne, mara nyingine tano, mpaka inuke na kulainika, ndipo waianike na kuitwanga. Wao husema muhogo lazima ufe kwanza.

Sasa wakati muhogo unakufa, sisi tunakula nini? Shimo ni moja kwa familia sita za wakimbizi wa vita. Mara mbili wenye bunduki wameikuta mihogo yetu humo wakaibeba yote. Noëlla ananiuliza kila asubuhi, "Mama, imeshakufa?" Ana miaka saba na anaongea kama mwenye msiba.

Wewe ni mwalimu wa biolojia. Tangu utoto umetuchosha na mambo ya seli wakati wa kula. Basi leo nisaidie. Hakuna njia ya kutoa uchungu huu upesi, nyumbani, ndani ya beseni?

Dada yako,
Annonciata

*

Mweso, tarehe 19 Machi 2024

Dada yangu Annonciata,

Nilipouona mwandiko wako nilikaa kwenye ngazi za shule nikalia mbele ya wanafunzi. Usimwambie Gustave.

Nije kwenye swali lako. Hatimaye mtu wa ukoo wetu ameniuliza jambo la maana! Sikiliza vizuri. Muhogo umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Kila chumba kimezungukwa na utando mwembamba, na utando huo unafanya kazi kama barrière ya barabarani, haumpitishi kila mtu. Maji yanapita bila kuulizwa. Tena maji yana tabia yake: yakisikia kuna chumvi nyingi upande wa pili, yanakimbilia huko. Tunaita osmosi. Kila mwaka naweka kipande cha kiazi ndani ya maji ya chumvi mbele ya darasa, na kabla ya kengele ya mwisho kimelegea kabisa, maji yake yamevutwa nje. Uchungu wa muhogo umo ndani ya maji ya muhogo. Maji yakitoka, uchungu unatoka nayo.

Fanya hivi. Katakata mihogo vipande vidogo, itie ndani ya beseni, mimina maji na chumvi, usiwe na mkono mwepesi. Iache tangu jioni hadi asubuhi. Mwaga yale maji, kamua, anika, twanga. Siku moja badala ya nne. Nimempa Thierry kilo tatu za chumvi akuletee, na zikiisha nitatuma nyingine.

Huyo Mama Libérata msalimie sana. Mwambie sayansi imefika msituni.

Kaka yako anayejivuna leo,
Hilaire

*

Ng'ambo ya Pinga, tarehe 22 Aprili 2024

Kaka,

Chumvi ilifika na tumeitumia karibu mwezi mzima sasa. Unga unatoka mweupe na watoto wanakula kila siku. Gustave, ambaye hajawahi kukusifu, amesema una kichwa. Nimeiandika hiyo ili uiweke ukutani.

Uchungu umebaki kidogo, lakini tumeuzoea. Bugali wetu tunaula na sombe tu, majani ya muhogo, maharagwe hatujayaona tangu tuje.

Kuna jambo moja limeniudhi. Jumapili tulimwalika Mama Libérata aonje bugali wa beseni. Alichukua donge, akalinusa, akalirudisha sahanini. Akasema, "Hapana, mama. Muhogo yenu haiyakufa. Mi siwezi kula kitu iko ngali muzima." Akanawa mikono akaenda kwake. Mbele ya watoto, kaka! Mihogo ni yake, shamba ni lake, halafu anakataa chakula chetu kana kwamba tumemtemea ndani. Mke wa Gustave alilia.

Kingine ni kidogo. Vichwa vinatuzunguka baada ya kula, na Noëlla ametapika mara tatu wiki hii. Nadhani ni malaria ya huku, mbu wao hawana adabu. Au ni matumbo yaliyosahau kushiba. Wewe unaonaje?

Annonciata

*

Mweso, tarehe 9 Mei 2024
(Imeandikwa, haikutumwa)

Annonciata,

Barua yako ilifika juzi. Leo asubuhi nilikuwa na somo la utando wa seli. Sokoni hakukuwa na viazi vizuri, nikachukua betterave, kile kiazi chekundu. Nilikata vipande, nikaviosha mpaka maji yakawa safi, nikaweka vingine kwenye maji ya chumvi. Vikalegea, kama kawaida. Nilikuwa nimeshaanza kufuta ubao ndipo Mamy, msichana wa dawati la mbele asiyezungumza kamwe, akainua mkono. "Maître, maji ya betterave ilitoka. Mbona rangi haikutoka?"

Nilitazama kikombe. Kipande kilikuwa kimenywea, na maji kukizunguka yalikuwa karibu meupe. Nikavichemsha vingine mbele yao, na palepale maji yakawa mekundu kama damu. Moto ulikuwa umepasua utando.

Dada, ninafundisha hili kwa mwaka wa kumi na nne. Utando unapitisha maji na kuvizuia vingine vingi, ndiyo maana ya somo lenyewe. Chumvi ilivuta maji na sumu ikabaki ndani ya muhogo. Haikubaki tu, imebaki pamoja na maji machache zaidi. Na zile siku nne za mtoni kazi yake ni hiyo, muhogo uoze, tando zipasuke, sumu itoke na kuharibika. Mama Libérata aliijua kwa pua yake. Mimi nilikuwa na ubao mzima na sikuiona.

Nimewalisha sumu. Noëlla anatapika kwa...

*

Mweso, tarehe 10 Mei 2024

Dada Annonciata,

Nimesoma habari zenu. Nafurahi kwamba watoto wanakula.

Kuhusu chumvi, nimefikiri tena. Ni afadhali muiache. Chumvi nyingi haifai kwa damu, hasa kwa watoto. Rudini kwenye shimo la mto na mfuate Mama Libérata anavyofanya, siku nne au tano bila kupunguza. Tafadhali fanya hivyo siku hiyohiyo utakayopokea barua hii. Usiniulize maswali mengi, nitakueleza tukionana.

Mpe Noëlla maharagwe, nimeyaweka kwenye mfuko wa Thierry. Hapa mvua ni nyingi na mitihani inakaribia.

Kaka yako,
Hilaire

*

Ng'ambo ya Pinga, tarehe 2 Juni 2024

Kaka Hilaire,

Sijui nianzie wapi. Tarehe 18 Mei Noëlla aliamka vizuri, akachukua kidumu kwenda kuteka maji. Hatua kumi hivi, akaanguka. Nilidhani anacheza. Nikamwinua, akaanguka tena. Miguu imekakamaa, magoti yanagongana, anakanyaga kwa ncha za vidole tu. Hana homa. Hasemi inauma. Ananiangalia tu na kuuliza, "Mama, miguu yangu iko inafanya nini?" Mtoto wa pili wa Gustave naye ameanza kutetemeka, ingawa anatembea.

Kaka, wote hapa wanasema ni karuho. Unaijua, ile sumu mtu anayokuwekea kimyakimya kwenye chakula. Mimi sikutaka kusikia. Lakini Gustave alikaa akaniambia, "Nani njo alitupa mihogo? Ni ule mama. Na nani alikatala kuikula? Ni yeye vilevile. Mutu anakatala chakula ya shamba yake mwenyewe? Anajua kenye aliweka." Nikakumbuka alivyonusa lile donge. Nikakumbuka neno lake, haijafa, na nikaogopa, maana nani anasema hivyo mbele ya chakula cha watoto?

Watu walipokusanyika kuuliza, nililitaja jina lake. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Halafu tarehe 27 barua yako ikafika, nikachanganyikiwa zaidi. Unaniambia nimfuate Mama Libérata! Yule yule? Ulijua nini ulipoandika? Na damu na chumvi vinahusianaje na miguu ya mtoto? Niliisoma mara nne. Inafanana na barua ya mtu anayeongea huku ameufunga mlango.

Kwenye shimo lake siendi. Sitaki chochote kinachopita mikononi mwake. Tumebaki na beseni letu na chumvi yako, angalau hiyo imetoka kwa ndugu.

Jumapili tarehe 23 kutakuwa na mkutano. Wanasema aondoke kijijini, na wapo wanaosema mabaya zaidi. Amekuja mlangoni kwangu mara mbili na sikumfungulia. Niambie, kaka, kuna dawa ya karuho? Miguu ya Noëlla itarudi lini?

Annonciata

*

Mweso, tarehe 13 Juni 2024

Annonciata,

Mwaga hiyo chumvi. Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka ukaimwage, na unga uliopo umwage pia.

Hakuna karuho. Aliyemvunja miguu Noëlla ni mimi.

Nimekuwekea ndani ya bahasha hii barua niliyoiandika tarehe 9 Mei nikaificha kwenye daftari. Isome, utaona kwamba nilijua. Siku iliyofuata nilikuandikia ile nyingine ya damu na mvua kwa sababu niliona haya. Nilijiambia mkiiacha chumvi yataisha na hakuna atakayejua. Nilikuwa nalinda jina la mwalimu.

Nieleze kwa maneno ya kawaida, maana najua utaulizwa. Muhogo mchungu una sumu ndani ya kila seli, imefungiwa. Maji ya chumvi yanavuta maji peke yake. Sumu haipiti. Ili itoke ni lazima zile kuta zivunjike, na kinachozivunja ni kuoza, zile siku nne. Tena chumvi inazuia kuoza. Kwa hiyo nilifanya makosa mawili kwa mkono mmoja. Mama Libérata alikataa bugali wenu kwa sababu alisikia harufu ya sumu ambayo bado imefungwa. Alikuwa anawaonya.

Nimemwuliza Jérémie, rafiki yangu muuguzi. Ugonjwa huu anaujua, unaitwa konzo, na alipewa mafunzo juu yake. Hauambukizi. Mkiacha ule unga na kula maharagwe, mtoto wa Gustave huenda akapona, na Noëlla hatazidi kuharibika. Lakini miguu yake, dada, Jérémie anasema haitarudi kama ilivyokuwa. Nilimwuliza mara tatu. Atatembea kwa fimbo.

Nimeandika na nimefuta mstari huo siku nzima. Nauacha.

Isome barua hii mbele ya watu wote, Jumapili, kabla hawajamgusa yule mama. Yote, na jina langu. Na uniombee ruhusa kwake, masomo yakiisha niandike barua nyingine, kubwa, isomwe kwenye makanisa yote. Thierry ameahidi kupita hata kama atasukuma pikipiki.

Hilaire

*

Ng'ambo ya Pinga, tarehe 7 Julai 2024

Hilaire,

Chumvi niliimwaga. Barua yako ilifika Ijumaa tarehe 21. Thierry alikuwa na matope hadi kifuani.

Mkutano ulikuwa Jumapili.

Sikuisoma.

Nitakueleza, ingawa mwenyewe sijielewi. Ijumaa nilikulaani mpaka sauti ikakauka. Jumamosi nikaanza kufikiri. Nikisoma, watasema sumu imeletwa na ndugu yangu, kwa mkono wangu, na sisi ni wageni hapa. Watatufukuza sote saba, na Noëlla hawezi kutembea. Gustave angekutafuta na panga. Na wewe ni tumbo moja nami. Nikasema, acha wamwambie tu yule mama aende kwa binti yake huko msituni, atakuwa salama, na mimi nitasoma baadaye, mambo yakipoa. Nilijiambia hivyo, kaka. Unaona tulivyozaliwa na mama mmoja?

Jumapili nilikaa nyuma, barua ndani ya kitenge. Walimwuliza Mama Libérata kwa nini hakula. Akajibu, "Niliwaambia siku ileile, haikukufa. Mulitaka niseme mara ngapi?" Wakapiga kelele. Mtu mmoja akaanza na paa, wengine wakafuata, na kabla jua halijageuka nyumba yake ilikuwa miti chini. Hawakumpiga. Alichukua sufuria, godoro na picha ya marehemu mume wake, akaondoka. Alipopita mbele yangu hakunitazama vibaya. Alimtazama Noëlla mgongoni kwangu, akatingisha kichwa. Mimi nilikuwa nahisi karatasi yako kwenye ngozi na sikufungua mdomo.

Jumatatu sikuweza tena. Niliwaita palepale kwenye ile miti, nikasoma yote, na ile ya tarehe 9 Mei. Niliposoma lile neno la betterave, baadhi walicheka, hawakuelewa. Gustave alisema, "Karatasi haiwezi kukunja miguu ya mutoto. Ule mama amekuloga hata wewe." Nikawaambia, basi aliyepika ni mimi, aliyekata ni mimi, aliyetia chumvi ni mimi, na barua hii nilikuwa nayo jana wakati mnavunja. Nivunjieni na mimi. Mmoja mmoja wakaondoka. Mpaka leo kijiji kimegawanyika, nusu wananiamini, nusu wanapita mbali na mlango wangu, na wapo wanaofanya yote mawili kutegemea siku.

Gustave hanisemeshi, lakini mke wake amerudi kuloweka mtoni. Mtoto wao hatetemeki tena.

Wiki iliyopita nilimbeba Noëlla nikatembea siku mbili hadi kwa binti yake Mama Libérata. Nilipiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akachonga fimbo mbili kwa ajili ya Noëlla, akazipima kwapani mwake, akazikata tena. Kuhusu msamaha hakusema neno. Nilipomuuliza kama nikuandikie kitu, akaniambia nichukue kalamu. Nimeandika kama alivyosema, sikurekebisha hata neno moja. Iko chini.

Annonciata

*

Kwa mwalimu Hilaire, ya Mweso

Mi ni Libérata. Dada yako njo anaandika, mi sijui kuandika.

Alinisomea barua zako zote. Ile ya chumvi, na ile ya uongo, na ile ya mwisho. Nilisikia. Mambo ya vyumba vidogo sikuielewa yote, lakini nilielewa yenye inanihusu.

Unasema nilijua kwa pua. Hapana. Nilijua kwa sababu mama yangu alizika batoto babili mwaka ya njaa, wakati batu walikosa kungojea. Ungeniuliza, ningekuambia. Dada yako alikuwa na mi kule, hatua makumi mbili. Aliandika barua mpaka Mweso kuuliza kitu yenye iko kwa mulango yangu. Ile njo inaniuma kupita nyumba.

Na mi nilikosa. Nilisema mara moja, nikanawa mikono, nikaenda. Nilisema moyoni, hawa ni wageni, nisiwasumbue. Ningemwanga ile sufuria. Sasa namuona ule mutoto anajifunza fimbo na najiuliza sababu gani sikuimwanga.

Dada yako anasema unaomba ruhusa masomo ikiisha uandike barua ingine, kubwa, yenye batasoma kwa kanisa zote. Hapana andika. Batu ya huku barua wanaisikia leo, kesho wanasema ilikuwa ingine.

Wenye walibomoa nyumba yangu walikuja muchana na uso yao. Na wewe leta uso ya kwako.

Libérata